ZAWADI, DENI NA JASHO: NJIA TATU ZA KUMLIPIA MTOTO CHUO KIKUU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, nayo yachapwa hapa kwa ombi lao.)



Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yatokapo, huingia furaha katika baadhi ya nyumba zetu, na nyuma yake huingia wasiwasi. Mtoto amefaulu, barua ya chuo kikuu imefika, majirani wamekuja kutoa pongezi. Usiku ukiingia, baba na mama hukaa wakahesabu: karafuu za msimu zilizobaki, fedha za mwani, na kidogo alichonacho kaka aliyeajiriwa mjini. Hesabu haifiki. Ndipo linapozuka swali ambalo hakuna kijiji cha Unguja wala cha Pemba kisicholijua: nani atalipa?

Hatukuja kulijibu swali hilo kwa malalamiko, kwani malalamiko hayalipi ada. Tumekuja kulipambanua. Popote duniani, mtoto asiye na baba tajiri hulipiwa chuo kikuu kwa njia tatu. Ya kwanza ni zawadi, nayo ndiyo skolashipu. Ya pili ni deni, nao ndio mkopo. Ya tatu ni jasho, nayo ni kazi aifanyayo mwanafunzi mwenyewe chuoni ili apate chakula chake na vitabu vyake. Zote tatu ni njia za heshima. Lakini si kitu kimoja, na msiba huanza pale mtu anapopewa moja akadhani amepewa nyingine. Na twasema mapema, ili asiye na nafasi ya kukaa mpaka mwisho aondoke nalo: katika miaka hii hamsini zawadi imepunguzwa, jasho limesahauliwa, na mzigo wote umesukumwa juu ya deni. Na deni, tofauti na zawadi, ndilo linaloweza kubadilishwa masharti yake wakati mtu tayari amekwisha kutia saini.

Tutaanzia mbali, Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko njia hizi tatu zilikoandikiwa sheria moja baada ya nyingine, hata mtu aweza kuona wazi jinsi moja ilivyoimeza nyingine. Pili, mawazo ya huko yalivuka bahari yakafika kwetu, na athari yake tunayo mpaka leo.

Mwaka 1872 kijana mmoja aliyezaliwa utumwani, jina lake Booker T. Washington, alifunga safari ndefu mpaka skuli ya Hampton katika jimbo la Virginia. Hakuwa na fedha. Ada yake ya masomo, dola 70 kwa mwaka, ilitolewa na tajiri mmoja wa New Bedford: hiyo ni zawadi. Chakula na malazi, dola 10 kwa mwezi, alivigharimia kwa sehemu kubwa kwa kazi ya kufagia na kutunza vyumba vya skuli: hilo ni jasho. Na mwaka wa kwanza ulipokwisha, alikuwa bado anadaiwa na skuli dola 16, na mhazini akamkubalia arudi masomoni, alipe atakapoweza: hilo ni deni. Mnaona, ndugu zetu, kwamba njia zote tatu zilikutana katika maisha ya kijana mmoja, na kila moja ilikuwa na kipimo chake. Zawadi ilibeba lililo zito, jasho likabeba la kila siku, na deni likabeba kilichobaki, nacho kilikuwa kidogo. Huo ndio mpango wenye akili.

Zipo skuli zilizoushika mpango huo zisiuache. Chuo cha Berea katika jimbo la Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1855 na watu waliopinga utumwa, hakijatoza ada ya masomo tangu mwaka 1892. Kila mwanafunzi wake hufanya kazi chuoni si chini ya saa 10 kwa wiki, mtoto wa mkulima na mtoto wa karani sawasawa, na kwa kuwa wote hufanya kazi, kazi si aibu ya mtu yeyote.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita katika nchi za Afrika ya Mashariki kuchungua elimu, nayo iliyasifu mafunzo ya Hampton na ya Tuskegee. Watawala wa kikoloni wakayapokea mafunzo hayo kwa nusu. Walichukua jembe na ufagio, wakaacha mlango wa chuo umefungwa. Ndiyo maana mpaka leo wazee wengi wakisikia mwanafunzi aambiwa afanye kazi, hudhani anafukuzwa darasani. Lakini kazi ya mwanafunzi aliye ndani ya chuo ni jambo moja, na kazi anayopewa mtu ili asiingie chuoni ni jambo jingine kabisa.

Turudi kwenye sheria za Marekani. Mwaka 1944, vita vikielekea ukingoni, ilipitishwa sheria ya kuwasomesha askari waliorudi vitani. Serikali ililipa ada, vitabu na posho, na mamilioni waliingia vyuoni bila ya kudaiwa senti. Mwaka 1957 Warusi wakarusha Sputnik. Wamarekani wakataharuki, na mwaka 1958 wakatunga sheria iliyoanzisha mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi. Mwaka 1964 wakaanzisha mpango wa kazi za chuoni, ambao ndani yake serikali hulipa sehemu kubwa ya ujira wa mwanafunzi na chuo hulipa kilichobaki. Mwaka 1965 wakaipanua mikopo kwa kuidhamini mbele ya mabenki. Na mwaka 1972 wakaweka ruzuku ya mwanafunzi maskini, ambayo tangu mwaka 1980 huitwa kwa jina la Seneta Claiborne Pell.

Mpango huu ulipokuwa mchanga, ruzuku hiyo iliweza kulipa robo tatu hivi ya gharama za mwaka katika chuo cha umma. Kisha ada zikapanda mwaka baada ya mwaka, na ruzuku ikatambaa nyuma yake. Katika mwaka wa masomo 2024/2025 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, kiasi kisichofika mbali zaidi ya theluthi ya gharama hizo. Pengo hilo nani kaliziba? Deni. Leo watu zaidi ya milioni 40 wa nchi ile hudaiwa mikopo ya masomo, na jumla yake imepita dola trilioni 1.6. Mwaka 2022 Rais Biden alitangaza mpango wa kusamehe sehemu yake. Mwezi wa Juni 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaubatilisha.

Na deni lenye riba lina hesabu yake, ambayo hata mtoto wa skuli ya msingi aweza kuifanya. Mtu akidaiwa dola 30,000 kwa riba ya asilimia 6, riba ya mwaka ni dola 1,800, ndiyo kusema dola 150 kila mwezi. Akilipa dola 150 kila mwezi kwa miaka 10, atakuwa amelipa dola 18,000, na deni litakuwa lile lile dola 30,000, halikupungua hata moja. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga hayana arubaini.

Hiyo ndiyo Marekani. Sasa tutazame nyumbani.

Vijana wa visiwa hivi waliijua zawadi zamani. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 walikwenda Cairo kwa ufadhili wa serikali ya Gamal Abdel Nasser, na wengine wakenda Moscow, Beijing na Ujerumani ya Mashariki. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 1959, walipeleka Marekani kwa ndege moja wanafunzi 81 kwa juhudi za Tom Mboya; na katika waliofuata mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyesoma chuo cha Mount St. Scholastica katika jimbo la Kansas. Vyuo viliwasamehe wengi wao ada, na wao wakajitafutia fedha za matumizi kwa kuosha vyombo na kupanga vitabu katika maktaba. Hao waliunganisha zawadi na jasho, na wengi walirudi makwao kujenga nchi.

Lakini zawadi nayo ina mwenyewe, na mwenyewe hubadilika. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa huko waliiona posho yao ikiyeyuka mikononi. Tunasema hivi ili kijana anapopata skolashipu ya nchi za nje aulize, kabla ya kupanda ndege: ni ya miaka mingapi? Nauli ya kurudi nani hulipa? Nikiugua, je? Nisipofikia alama zilizotakiwa, nitarudishwa au nitadaiwa?

Huku kwetu, Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilianza na wanafunzi 13 wa sheria. Katika miaka iliyofuata dola ndiyo iliyolipa. Hata hivyo haikuwa bure kamili, kwani dola ilitaka kulipwa kwa utumishi. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo ndani yake mhitimu angefanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara wake. Rais Nyerere aliwafukuza wanafunzi wapatao 400, na papo hapo akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu aweza kuwaunga mkono wanafunzi au kumuunga mkono Rais. Linalotuhusu sisi ni hili: hata siku zile, swali la mhitimu ana deni gani kwa wananchi lilikuwa hai, na mkubwa aliyetaka wengine walipe alianza kwa kujikata yeye.

Mwaka 1988 Serikali ilitangaza sera ya kuchangia gharama, nayo ikatekelezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1990. Fedha anazopewa mwanafunzi tangu mwaka 1994 huhesabiwa kuwa mkopo. Mwaka 2004 ikapitishwa Sheria Namba 9 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Elimu ya juu ni katika mambo ya Muungano, kwa hiyo mtoto wa Unguja na wa Pemba ana haki ya kupeleka ombi lake huko. Fauka ya hayo, Zanzibar imekuwa na Bodi yake ya Mikopo tangu sheria ya mwaka 2011.

Hatusemi mikopo ni uovu. Maelfu ya walimu, madaktari na wahasibu wasingekuwapo bila ya mikopo hiyo, na miongoni mwa mnaotusikiliza wamo waliosoma kwayo. Tunalolisema ni kwamba deni ni mkataba, na mkataba una watu wawili. Tazameni yaliyopita. Mwanzoni mdaiwa aliyeajiriwa alikatwa asilimia 8 ya mshahara wake. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, ikawa asilimia 15, nayo ikawashika hata waliokopa zamani. Mwalimu wa mshahara wa shilingi 800,000 aliyekuwa akikatwa 64,000 akaanza kukatwa 120,000, ilhali kodi ya nyumba yake haikushuka na watoto wake hawakupungua.

Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kila mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Katika visiwa hivi wapo wazazi walioikimbia mikopo kwa sababu ya tozo hiyo, wakisema jina limebadilishwa lakini riba ni riba. Na hesabu yake ilikuwa nzito. Kwa deni la shilingi milioni 10, tozo ya mwaka ilikuwa shilingi 600,000. Mtu anayekatwa 64,000 kwa mwezi alilipa 768,000 kwa mwaka. Basi katika jasho la miezi 12 zilizopunguza deni lenyewe ni 168,000 tu. Wadaiwa walipiga kelele, vyama vya wafanyakazi vikapiga kelele, na mwaka 2021 Serikali ikaifuta tozo hiyo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa kulipa. Tunaishukuru kwa hilo, maana haki husifiwa popote itokapo. Lakini lililofutwa kwa amri laweza kurudishwa kwa amri, na ndiyo sababu tunataka ahadi iliyoandikwa.

Zawadi nayo haikutoweka kabisa. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 uko Ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi katika Kidato cha Sita. Ni jambo jema. Lakini zawadi ya namna hii humfuata aliyefaulu zaidi, si aliye mhitaji zaidi. Na mara nyingi aliyefaulu zaidi ni yule ambaye skuli yake ilikuwa na maabara na mwalimu wa fizikia. Mtoto wa kijiji kisicho na maabara, aliyepata alama za kutosha kuingia chuoni lakini si za kutangazwa, huachiwa deni peke yake.

Na jasho? Katika vyuo vyetu karibu halina mlango. Maktaba zina vitabu vya kupangwa, vyumba vya kompyuta vina watu wa kuelekezwa, ofisi zina majalada yanayosubiri. Na kijana aliyekosa fedha ya chakula hupita mbele ya kazi hizo akirudi bwenini na njaa.

Kutokana na hayo, twaona mambo matatu yafaa kudaiwa na chama chetu, katika Baraza na nje ya Baraza, kwa lugha ya adabu na bila ya kuchoka.

La kwanza: masharti ya deni yasibadilishwe kwa aliyekwisha kutia saini, ila kwa kumpunguzia. Sheria mpya imshike mkopaji mpya. Mfanyabiashara wa dukani hawezi kuandika bei nyingine katika daftari baada ya mteja kuondoka na unga. Dola isifanye ambalo mwenye duka angeshitakiwa kwalo.

La pili: zawadi itazame hali ya mtoto pamoja na alama zake, na vigezo vyake vitangazwe mbele ya watu wote. Na karatasi anazotakiwa mwombaji, ukiwa ni uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, ukiwa ni cheti cha kifo kwa yatima, ukiwa ni saini ya Sheha, ni haki ya mwananchi. Haziulizwi kadi ya chama.

La tatu: vyuo vya umma viwekewe fungu la kuwalipa wanafunzi kwa saa. Saa hizo ziwe na mpaka, kwani kazi ikizidi humla mwanafunzi masomo yake. Hata Marekani mwanafunzi mgeni haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Na kazi hizo zisichukue riziki ya mama anayefagia chuo sasa hivi. Ziwe kazi zilizolala, si kazi zilizo na mwenyewe.

Hayo ni ya kuwadai wengine. Yako na ya kujidai sisi wenyewe. Kila tawi liteue watu wawili wanaojua kusoma fomu, wakae na wazazi kabla ya tarehe ya mwisho, kwa maana ombi huharibika kwa cheti kimoja kilichokosekana. Mzazi au mdhamini asitie saini karatasi asiyosomewa yote. Aulize maneno matatu: hii ni zawadi, ni deni, au ni jasho? Ikiwa deni, ni kiasi gani, na nitakatwa asilimia ngapi? Kijana aweke nakala ya kila karatasi. Anayetaka kwenda Marekani ajue kwamba ruzuku na mikopo ya serikali ya huko kwa kawaida haipewi mwanafunzi mgeni. Tegemeo lake ni zawadi ya chuo chenyewe na kazi za humo humo chuoni. Na anayeweza kusoma hapa nyumbani, katika chuo chetu cha Taifa kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 au katika vyuo vingine vya kisiwani, apige hesabu ya chakula na malazi kwanza, kwani mara nyingi hivyo humaliza fedha kuliko ada.

Mwisho, na hili twawaambia walio na kazi: dawa ya deni kulipa. Fungu la Bodi hujazwa pia na marejesho ya waliotangulia. Anayejificha asilipe haikomoi Serikali. Anamfungia mlango mtoto wa jirani yake aliyepata barua mwaka huu. Hatutakuwa na uso wa kuiambia dola itimize ahadi ikiwa sisi wenyewe tunazikimbia zetu.

Babu zetu walipanda mikarafuu wakijua kwamba mti ule hautawapa mavuno ya maana mpaka miaka mingi ipite. Walipanda, na waliochuma ni waliokuja baada yao. Mtoto aliye chuoni ni mkarafuu. Tusikubali auzwe kungali shina, na tusikubali anyauke kwa kukosa maji.